KUIGA, KUIGIZA NA KUKOKOTOA: KISWAHILI MBELE YA HESABU ZA JOTO NA MKONDO

1. Utangulizi

Mara nyingi swala la Kiswahili na sayansi hujadiliwa kana kwamba ni swala la idadi ya maneno. Upande mmoja wapo wasemao kwamba lugha yetu haina istilahi za kutosha, na kwa hiyo haifai kufundishia fizikia wala uhandisi katika shule za sekondari na vyuo vikuu. Upande wa pili wapo wanaojibu kwa kuleta orodha: istilahi zilizosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania tangu lilipoundwa mwaka 1967, na zile zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Pande hizi mbili zinapingana kwa sauti kubwa, walakini zinakubaliana katika jambo moja ambalo makala haya yanakusudia kulikanusha. Zote zinaamini kwamba neno la kitaalamu laweza kupimwa likiwa peke yake, ndani ya safu ya kamusi, likitazamana na neno la Kiingereza.

Maoni yetu ni kwamba istilahi haipimwi katika orodha. Hupimwa katika aya, pale inapobidi ishirikiane na vitenzi, ikubali kukanushwa, na imwezeshe msomaji kutambua kosa. Neno ambalo halimsaidii msomaji kuuliza swali linalofaa ni neno bovu, hata likiwa limepitishwa na vikao vingapi.

Ili hoja hii isibaki maneno matupu, tumechagua uwanja mmoja ulio mbali na mazoea ya idara za lugha, nao ni ukokotozi wa joto linalochukuliwa na maji au hewa inapopita kando ya vitu vilivyopashwa moto. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni uwanja wa kazi za kila siku za uhandisi: mabomba ya kupozea mvuke katika mitambo ya umeme, vipande vya elektroniki vinavyopepewa ndani ya kompyuta, nyaya nyembamba za kupimia kasi ya upepo. Pili, kitendo kikuu cha uwanja huu, yaani kuzifanya tarakimu zisimame mahali pa maji yenyewe, kwa Kiswahili huitwa uigaji, na pengine uigizaji. Maneno hayo mawili ni mali ya wahakiki wa fasihi kabla ya kuwa mali ya mafundi mitambo. Kwa hiyo mhakiki ana haki, na pia ana wajibu, wa kuuliza yanafanya kazi gani huko yalikopelekwa.

2. Nondo ya moto katika mkondo

Hatuna budi kulieleza jambo lenyewe kwanza. Tuchukue nondo ya mviringo, nene kiasi cha sentimita 1, iliyolazwa kukingama mkondo wa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Nondo imepashwa moto kuliko maji. Maji yakienda polepole mno, hupita juu na chini ya nondo na kukutana tena nyuma yake bila ghasia. Yakiongezwa mwendo kidogo, hushindwa kuufuata mgongo wa nondo hadi mwisho. Huachana nao, na nyuma ya nondo hutokea mizunguko miwili pacha, mmoja juu na mmoja chini, inayozunguka papo hapo pasipo kuondoka. Yakiongezwa mwendo zaidi, pacha hao hawatulii tena. Mmoja hung'oka ukachukuliwa na mkondo, kisha wa pili, kisha tena upande wa kwanza, kwa zamu, hata nyuma ya nondo kukawa na safu mbili za mizunguko zinazofuatana. Safu hizo zimepewa jina la Theodore von Kármán, Mhungari aliyezieleza kihesabu katika miaka ya 1911 na 1912.

Hali hizo hutenganishwa na kiasi kimoja kinachoitwa namba ya Reynolds, kwa heshima ya Osborne Reynolds wa Manchester, aliyetoa utafiti wake wa maji katika mabomba mwaka 1883. Huchukuliwa mwendo wa maji, ukazidishwa kwa upana wa nondo, kisha ukagawanywa kwa uwiano wa mnato na densiti ya maji hayo. Pacha huonekana namba ikipita 5 au 6 hivi, na huanza kung'oka ikipita kama 47. Kwa nondo yetu, namba 40 ni mwendo wa milimita 4 tu kwa sekunde. Basi hatuzungumzi habari za mafuriko. Ni maji yatembeayo taratibu kuliko chungu ukutani.

Joto nalo husafiri kwa njia mbili zilizofungamana. Kwanza hupenya kutoka kwenye nondo na kuingia katika maji yanayoigusa, ambayo kwa sababu ya mnato yameganda pale pale yasiende. Pili hubebwa na maji yapitayo mbali kidogo. Mbele ya nondo, mahali maji mapya ya baridi yanapogonga, utando wa maji ya moto ni mwembamba na joto hutoka kwa wingi. Kadiri maji yanavyozunguka kuelekea nyuma, utando huo hunenepa, na joto hutoka kwa shida. Mhandisi hutaka kujua jumla yake, naye huieleza kwa namba ya Nusselt, iliyopewa jina la Mjerumani Wilhelm Nusselt, ambaye makala yake ya msingi yalitoka mwaka 1915. Namba hiyo husema joto linalotoka limelizidi mara ngapi lile ambalo lingetoka kwa kupenya tu, bila kubebwa. Kwa nondo iliyo katika hewa, namba ya Nusselt ni kama 3 pale namba ya Reynolds inapokuwa 40, na kama 5 inapokuwa 100.

Aya hizo tatu tumeziandika kwa makusudi kabla ya kufungua kamusi yoyote ya istilahi. Msomaji atazame kwamba mzigo mkubwa haukubebwa na nomino. Umebebwa na vitenzi: kukingama, kupita, kukutana, kuachana, kung'oka, kuchukuliwa, kugonga, kupenya, kubebwa. Katika mnyambuliko wa vitenzi Kiswahili kina utajiri ambao orodha za nomino hauonyeshi hata kidogo. Maji na mgongo wa nondo vinaachana. Kauli ya kutendana inatuambia kwamba hapo awali vilikuwa vimeambatana, na kwamba kuachana huko ni tukio lenye mahali pake. Mzunguko unang'oka, kisha unachukuliwa; kwa vitenzi viwili tumetenganisha kinachotokea kwenye nondo na kinachofanywa na mkondo.

Hata neno la kikitaja kitu chenyewe linahitaji kutazamwa upya. Wengi wangeandika kizuizi. Lakini maji hayazuiwi na nondo. Hayasimami wala hayarudi. Yanajikwaa, yakaendelea na safari yakiwa yamepepesuka. Neno kikwazo, lililo jirani wa kukwaa na kukwaza, linasema kweli zaidi, na mwanafunzi aliyelipokea atatarajia kuona athari nyuma ya kitu kuliko mbele yake. Ndivyo ilivyo.

3. Joto na halijoto: sentensi moja yenye maana mbili

Sasa tuje kwenye hatari. Katika mazungumzo ya kawaida tuna neno moja, joto, nalo latutosha. Joto la jiko, joto la mgonjwa, joto la Mombasa: mazingira hutuambia lipi ni lipi. Wataalamu wa istilahi waliona upungufu huo katika fizikia wakaunda halijoto, ili joto libaki kuwa nishati inayohama na halijoto iwe hali inayopimwa kwa kipimajoto. Wapo wanaolicheka neno hili na kulihesabu miongoni mwa maneno ya kutungwa mezani. Tungependa kuwaonyesha linalopotea pasipo nalo.

Chukua sentensi hii: “Nondo ina joto lisilobadilika.” Kwa sarufi haina dosari. Lakini kwa mkokotoaji, sentensi hiyo ni matatizo mawili tofauti yaliyovaa nguo moja. Maana ya kwanza ni kwamba halijoto ya nondo ni moja pande zote, kama bomba la shaba ambalo ndani yake mna mvuke unaoganda kuwa maji. Hapo kinachotofautiana ni joto linalotoka: jingi mbele, kidogo nyuma. Maana ya pili ni kwamba kila sehemu ya nondo inatoa joto la kiasi kile kile, kama utando mwembamba uliozungushiwa nondo na kupitishiwa umeme. Hapo kinachotofautiana ni halijoto: mbele, penye maji mapya, nondo ni ya baridi kiasi, nyuma, penye utando mnene, halijoto hupanda mpaka joto lile lile lililoamriwa lipate njia ya kutoka.

Tofauti hii si ya kitabuni tu. Mtu aliyekusudia maana ya pili akakokotoa ya kwanza atapata wastani ambao hauko mbali sana na kweli, ataridhika, na hatajua kamwe kwamba kipande chake cha umeme kinaungua upande wa nyuma. Kosa halitatoka katika hesabu wala katika mashine. Litakuwa limetoka katika sentensi. Nasi tuliozoea kudhani kwamba utata ni jambo la washairi, tuna la kujifunza hapa: kuna mahali ambapo utata huteketeza mali.

Ubora wa halijoto basi hautokani na kuwa limesanifiwa, bali na kuwa linaifanya sentensi ile mbovu isiandikike. Kwa kipimo hicho hicho, neno myuko, linalofundishiwa kusafiri kwa joto ndani ya vimiminika na gesi, halikufaulu vizuri. Mwanafunzi hufundishwa kwa mfano wa sufuria ya maji motoni: ya chini yakipata moto hupanda, ya juu hushuka. Mfano ni mwema, lakini humwachia mwanafunzi fikira kwamba myuko ni kupanda. Katika mkondo wetu joto halikupanda popote; limebebwa kwenda mbele na maji yaliyokuwa yakienda hata kabla nondo haijapashwa moto. Tungesema uchukuzi wa joto, msomaji angeuliza mara moja, “Limechukuliwa na nani?” Swali hilo ndilo mlango wa somo zima.

4. Kuiga si kuigiza, wala si kukokotoa

Tumefika kwenye neno kuu. Milinganyo inayotawala mwendo wa maji yenye mnato ilijulikana tangu karne ya 19, kwa kazi za Navier mwaka 1822 na Stokes mwaka 1845; mlinganyo wa kupenya kwa joto uliandikwa na Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822. Kujua milinganyo ni jambo moja, na kuitatua ni jingine. Kwa nondo yetu hakuna aliyeweza kuitatua kwa kalamu pekee. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuyafunika maji kwa wavu wa nukta, na kuandika katika kila nukta hesabu ndogo ya kujumlisha na kutoa, inayoifungamanisha nukta hiyo na jirani zake; kisha kuzipitia nukta zote, tena na tena, mpaka tarakimu zipatane.

Mwaka 1933 Alexander Thom, Mskoti, alitoa majibu ya namna hiyo kwa namba za Reynolds 10 na 20. Mwaka 1953 Mitutosi Kawaguti wa Japani alitoa jibu la namba 40. Kawaguti alieleza kwamba kazi hiyo ilimchukua mwaka mmoja na nusu, saa 20 kila wiki, kwa mashine ya hesabu ya mezani. Mwaka 1963 Jacob Fromm na Francis Harlow wa Los Alamos, Marekani, walitumia kompyuta kuionyesha safu ya mizunguko ikizaliwa nyuma ya kikwazo, na mwaka 1964 wakaongeza hesabu ya joto linalotoka katika kikwazo cha pembe nne na kuingia katika safu hiyo. Makala waliyowaandikia wasomaji wa kawaida mwaka 1965 yaliita kazi za namna hiyo majaribio ya kompyuta. Angalia neno jaribio: mwanasayansi amekaa mbele ya tarakimu zake anaziita kama alivyokuwa akiyaita maji.

Je, watu hawa walifanya nini? Waliiga? Waliigiza? Walikokotoa?

Kuigiza ni kitendo cha jukwaani. Mwigizaji na mtazamaji wameshapatana: yule aliyekufa katika onyesho la tatu atainuka pazia likishuka, wala hakuna atakayemwita mwongo. Kuigiza kunahitaji ridhaa ya mtazamaji, na uzuri wake ni kwamba mtazamaji anajua. Mkokotoaji wa joto hana ridhaa hiyo. Anayenunua bomba kwa kutegemea tarakimu zake hakukubali kutazama mchezo. Kwa hiyo uigizaji, ingawa waendelea kutumika, ni neno linalompa mhandisi ruhusa asiyostahili kuwa nayo. Litabaki mali ya jukwaa, na huko linatosha.

Kuiga ni jambo zito zaidi. Anayeiga humtazama mwenziwe, akajaribu kufanya kama afanyavyo. Lugha yetu inamtilia shaka mtu huyo. Methali ya aliyemwiga tembo akapasuka msamba inajulikana na kila mtu. Lakini kuna shaka ya msingi kuliko hiyo ya methali. Anayeiga sura ya mto anaweza kuchora mizunguko mizuri bila kujua sababu yake, kama mchoraji afanyavyo. Fromm na Harlow hawakuchora mzunguko hata mmoja. Waliipa mashine sheria za mwendo, sura ya kikwazo na kasi ya mkondo. Mizunguko ikajitokeza yenyewe. Walichofuata ni sheria za mto, sura ikaja kama matokeo. Wahakiki waliosoma Poetics ya Aristotle watakumbuka kwamba huko pia uigaji haukuwa kunakili sura za vitu, bali kuonyesha yale yanayoweza kutokea kwa mujibu wa uwezekano au ulazima. Kwa maana hiyo ya ndani, na kwa maana hiyo tu, neno uigaji laweza kutetewa.

Walakini hata utetezi huo una mpaka, na mpaka wenyewe unaonyeshwa na kisa cha nondo yetu. Thom na Kawaguti walichukua tangu mwanzo kwamba maji yametulia, na kwamba nusu ya juu ya mkondo ni kivuli cha nusu ya chini. Kwa namba 10, 20 na 40 dhana hiyo ni kweli, kwa kuwa pacha bado hawajang'oka. Tena iliwapunguzia kazi kwa nusu. Lakini mwaka 1980 Bengt Fornberg alitoa majibu ya mkondo uliotulia, wenye ulinganifu ule ule, hadi namba ya Reynolds 300. Majibu yake yalisifiwa kwa usahihi wake, na sifa hiyo yalistahili. Hata hivyo hakuna mto wala bomba lenye maji ya namna hiyo. Nyuma ya nondo ya kweli, namba ikiwa 300, maji hayatulii kamwe. Mizunguko inang'oka kwa zamu usiku na mchana. Jibu la Fornberg ni jibu halali la milinganyo, lakini ni jibu lisiloweza kudumu: msukosuko mdogo kabisa ungelivunja, na ulimwengu haukosi misukosuko.

Hapa mhakiki atulie kidogo. Tuna tarakimu zilizo sahihi zinazoeleza maji yasiyokuwako. Tukiziita uigaji, zimeiga nini? Tukiziita uongo, tutakuwa tumemdhulumu mtu ambaye hakudai kwamba aliuona mto wa namna hiyo. Aliiuliza milinganyo swali, ikamjibu. Neno linalofaa kazi hii ni ukokotozi: kuitoa hesabu mpaka mwisho wake. Uigaji ni dai jingine linaloongezwa juu ya ukokotozi, nalo ni dai la kusema kwamba hesabu hii inasimama mahali pa kitu fulani kilichoko duniani. Mtu anaweza kukokotoa vema na kuiga vibaya. Anaweza pia kukokotoa vibaya, na kwa bahati akafanana na kitu.

Wahandisi wenyewe wanaijua tofauti hii. Wana mitihani miwili: wa kwanza huuliza kama milinganyo imetatuliwa sawasawa, wa pili huuliza kama milinganyo iliyotatuliwa ndiyo iliyostahili. Mtihani wa kwanza ni kati ya mtu na hesabu yake. Wa pili ni kati ya hesabu na ulimwengu, nao haufanyiki bila mtu kwenda kupima, kama Louis Vessot King alivyofanya huko Montreal alipopima joto linalopotea kutoka katika nyaya nyembamba zinazopulizwa na hewa, akaonyesha mwaka 1914 kwamba sehemu inayoletwa na upepo hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha kasi yake. Kwa maneno mepesi, upepo ukiongezwa mara nne, sehemu hiyo ya joto huongezeka mara mbili tu. Lugha ikiwa na neno moja kwa mitihani yote miwili, mwanafunzi atafanya mmoja na kudhani amefaulu yote.

5. Uongo uliolainika

Litasemwa kwamba tunalikuza jambo dogo; kwamba tarakimu mbaya hujifichua zenyewe. Si kweli. Tarakimu mbaya zilizo wazi wazi, zile zinazorukaruka na kulipuka, hazina hatari, kwa kuwa hata mjinga huziona. Hatari iko katika tarakimu laini.

Ili hesabu isilipuke, mkokotoaji anaweza kuamua kwamba kila nukta isikilize tu jirani aliye upande mkondo unakotoka. Ushauri huo una busara: joto hubebwa kutoka huko. Lakini katika namna yake nyepesi una ada yake iliyofichika. Joto ambalo lingebaki katika uzi mwembamba nyuma ya nondo hutawanywa kutoka nukta hadi nukta, kana kwamba maji yamepewa uwezo wa kupenyeza joto ambao hayakuzaliwa nao. Nukta zikiwa mbali mbali, mtawanyiko huo wa bandia waweza kuushinda ule wa kweli. Picha inayotoka ni nzuri, haina mkunjo wala kelele. Mtu akiitazama huona mkondo uliotulia, akaiamini kwa sababu ya utulivu wake. Na kinachoogofya zaidi ni kwamba mnato wa bandia unaozaliwa kwa njia hiyo hiyo waweza kuwatuliza pacha ambao kwa haki walipaswa kung'oka.

Dawa yake ni ya kihakiki kabisa: isome kazi mara ya pili kwa wavu uliokazwa. Nukta zikiongezwa na jibu likabadilika, jibu la kwanza lilikuwa habari za wavu wala si habari za maji. Uovu wa kuchapisha jibu la wavu mmoja ulikithiri hata mwaka 1986 jarida la wahandisi wa Marekani, Journal of Fluids Engineering, likatangaza kwamba halitapokea makala ya ukokotozi yasiyoshughulikia usahihi wa hesabu zake. Tunalitaja tangazo hilo kwa sababu ni tendo la uhakiki lililofanywa na watu wasiojiita wahakiki. Walitambua kwamba ulaini wa matini si ushahidi wa ukweli wake. Nasi tumekuwa tukiwaambia wanafunzi wetu hivyo hivyo kuhusu riwaya.

Kwa jambo hili Kiswahili hakikosi maneno. Kutawanyika si kutawanywa. Joto hutawanyika lenyewe kwa tabia yake. Hutawanywa na wavu kwa kosa la mkokotoaji. Tofauti ya kauli mbili inatosha kutenganisha maumbile na hila. Lakini katika kamusi ya istilahi tutakuta mtawanyiko peke yake, nomino isiyo na mtendaji, iliyomezea ndani yake swali lililokuwa muhimu kuliko yote: ni nani aliyelitawanya?

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba kazi ya sayansi ya kiwango cha juu yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, na kwamba nguvu ya maelezo hayo iko katika vitenzi na minyambuliko yake, mahali ambapo orodha za istilahi hazifiki. La pili, kwamba istilahi kama halijoto inastahili heshima, kwa kuwa inaziba sentensi mbovu. Na istilahi kama myuko, uigizaji na mtawanyiko zinastahili kuchunguzwa upya, kwa kuwa zinaziacha sentensi mbovu zipite. La tatu, kwamba kukokotoa na kuiga ni vitendo viwili, na kwamba lugha itakayovichanganya itamzalia mhandisi kosa ambalo hataliona.

Nchini Kenya Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, lakini fizikia ya sekondari iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Wengi huona hapo ushahidi kwamba Kiswahili ni lugha ya insha na ushairi. Kwa upande wetu tunaona kazi ambayo haijafanywa, wala si kazi ya kuongeza maneno. Ni kazi ya kukaa pamoja, mwalimu wa lugha na mwalimu wa fizikia, mbele ya aya moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu jambo moja la kweli, na kuuliza kila sentensi inaruhusu kosa gani. Mwalimu wa fizikia hataliona kosa la sentensi bila mwalimu wa lugha. Na mwalimu wa lugha hatajua kama ni kosa bila mwalimu wa fizikia.

Nondo yetu yafaa kuwa aya ya kwanza. Ni kitu kidogo, maji yake yanakwenda taratibu, na mwenye subira aweza kuiweka katika mfereji wa maabara na kuyatia maji rangi. Atakapoona pacha wa kwanza waking'oka, atajua kwa macho yake ni lipi kati ya maneno yetu lililosema kweli.